Somo la Utunzaji wa Kumbukumbu: Seva Zinapojizima Zenyewe



Katika vyama vyetu daftari halijapata kuwa jambo dogo. Mkulima wa kahawa huleta mzigo wake mizanini, hupokea malipo ya awali, kisha hungoja mpaka kahawa iuzwe mnadani ndipo apate malipo ya pili. Kwa muda huo wote yeye hana kitu mkononi ila kipande cha stakabadhi, na chama hakina kitu ila maandishi yasemayo kwamba siku fulani mwanachama fulani alileta kilo kadhaa wa kadhaa. Maandishi hayo yakipotea, hakuna hotuba itakayomtuliza mkulima.

Leo maandishi hayo yamo ndani ya mashine. Vyama vya msingi huingiza taarifa zao katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na ofisi nyingi zina kompyuta zao wenyewe za manunuzi, hesabu na mishahara. Kwa hiyo Katibu au Mhasibu asiyejua mashine hizo hufanyaje kazi, na huangukaje, anatunza mali ya wanachama akiwa amefumba macho. Somo hili halikusudiwi kumfanya Katibu awe fundi. Linakusudiwa kumwezesha kumwuliza fundi maswali yanayostahili, na kumwezesha mjumbe wa Bodi kuitambua ankara isiyo na sababu.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza iliwekwa nchini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na miaka mingi ikapita kabla marufuku hayo hayajalegezwa. Wapo wanaoyacheka leo. Mimi siyacheki sana, maana ofisi inayotegemea chombo ambacho hakuna mtumishi wake hata mmoja anayekielewa imejiweka mkononi mwa muuzaji.

Tuanze na maana ya maneno. Zamani kila kazi ilipewa kompyuta yake: moja ya manunuzi, moja ya hesabu, moja ya barua. Siku hizi seva moja yenye nguvu hugawanywa kwa programu maalumu, ikawa kama nyumba moja yenye wapangaji wengi. Kila mpangaji hujiona ana nyumba yake, mlango wake na jiko lake, kumbe wote wako chini ya paa moja. Mpangaji wa namna hiyo huitwa mashine pepe. Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani iliutangaza mfumo wake wa mashine pepe, VM/370, mwaka 1972.

Sehemu ya pili ni hifadhi ya pamoja. Diski za mashine pepe hazikai ndani ya seva, bali hukaa katika sanduku la diski lililo pembeni, na seva hulifikia kwa waya wa mtandao kupitia swichi. Zipo njia kadhaa za kufanya hivyo. Mojawapo ni NFS, ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliitoa mwaka 1984. Nyingine ni iSCSI. Faida yake ni kubwa: seva moja ikiharibika, seva ya pili huziwasha mashine pepe zilezile na kazi ikaendelea, kwa kuwa daftari liko ghalani, haliko mfukoni mwa karani aliyeugua. Hasara yake nayo yafaa isemwe wazi. Ghala likiwa moja na njia ya kufikia ghala ikiwa moja, basi njia hiyo ikiziba, kazi zote husimama kwa wakati mmoja, hata kama seva zenyewe ni nzima kama siku zilipotoka kiwandani.

Sasa laja jambo ambalo wanaushirika watalielewa upesi kuliko mafundi wengi, nalo ni akidi. Seva zilizo katika kundi moja huitana kila wakati: mimi nipo, je, wewe upo? Seva inayosikia sauti za wenzake walio wengi huhesabika kuwa ina akidi, na inaruhusiwa kufanya kazi. Seva isiyosikia mtu haina akidi. Haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au kama waya wake mwenyewe ndio uliokatika, kwa hiyo hairuhusiwi kupitisha uamuzi wowote. Sote tunajua kwa nini mkutano mkuu usio na akidi hauwezi kupitisha bajeti. Kingekuwa chama chenye mikutano miwili katika vyumba viwili, kila mmoja ukitoa maazimio yake. Kwa mashine hatari ni ileile. Seva mbili zikiwasha mashine pepe moja kwa wakati mmoja na kuandika katika diski moja, ni sawa na makarani wawili kuandika katika ukurasa mmoja wa leja bila kuonana. Baada ya dakika chache ukurasa huo hausomeki tena.

Kwa sababu hiyo mifumo hii imewekewa saa ya ulinzi. Katika Proxmox VE, mfumo unaopendwa na ofisi ndogo kwa kuwa unaweza kutumika bila kulipia leseni, seva iliyopewa dhamana ya kuendesha mashine pepe bila kusita ikipoteza akidi, saa hiyo huanza kuhesabu. Sekunde 60 zikiisha kabla akidi haijarudi, seva hujizima na kuwaka upya yenyewe. Mtazamaji husema, “Seva imeanguka.” La hasha. Seva imejitoa mkutanoni ili isiharibu daftari. Asiyelijua hili ataitafuta hitilafu ndani ya seva kwa wiki nyingi asiipate, kwa sababu haimo humo.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea katika ofisi moja ya ushirika ambayo nilipata kuisaidia. Jina lake naliacha, maana kosa lao lingeweza kuwa la ofisi yoyote. Walikuwa na seva mbili, kompyuta ndogo ya tatu iliyowekwa kwa ajili ya kupiga kura ya akidi tu, sanduku moja la diski, na swichi moja. Wakati msimu wa ununuzi umepamba moto, makarani walianza kukuta Jumatatu asubuhi kwamba kazi zote walizoziacha wazi zimefungwa. Walipotazama, seva zote mbili zilionyesha zimewaka kwa siku moja na saa chache tu, ilhali hakuna mtu aliyezigusa.

Jambo la kwanza lililolaumiwa ni umeme, kama kawaida yetu. Zikanunuliwa betri mpya za akiba. Jumatatu iliyofuata, hali ni ileile. Ikalaumiwa kumbukumbu ya muda ya seva. Ikabadilishwa, fedha nyingine zikaenda. Hatimaye muuzaji akashauri kwamba seva zimezeeka na zinunuliwe mpya, na Bodi ikawa karibu kuidhinisha fedha zitokanazo na ushuru wa kila kilo ya mwanachama.

Aliyeiokoa ofisi ile hakuwa fundi. Alikuwa mzee mlinzi wa usiku. Kijana wa kompyuta alimwendea na kumwuliza, “Shikamoo mzee. Usiku wa kuamkia Jumapili umeme ulikatika?” Mzee akaitikia, akalifungua daftari lake la lindo, akamwonyesha. Alikuwa ameandika: saa nane na dakika kumi na nne usiku, mashine za chumba cha kompyuta zimenguruma kwa nguvu, taa zinawaka, hakuna mtu. Kila anayejua seva atatambua mngurumo huo: ni feni zinazozunguka kwa kasi yote wakati seva inapowaka upya. Umeme, basi, haukukatika.

Hapa ndipo saa ilipowachezea. Kijana alifungua kumbukumbu za matukio za seva akatafuta saa 2:14 ya usiku wa Jumapili, ambayo kwa kusema kwetu ni saa nane na dakika kumi na nne. Hakukuta kitu. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo wiki zilizotangulia, na kila mara alikata tamaa hapo. Sababu ni kwamba seva zile hazikuwekwa katika saa za Afrika Mashariki. Zilihesabu saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa nane na dakika kumi na nne usiku wa kuamkia Jumapili, kwa seva, ilikuwa saa 23:14, na siku bado ni Jumamosi! Alipogeuza ukurasa na kutazama huko, habari yote ilikuwa imeandikwa mstari kwa mstari: sauti za wenzake zimechelewa, sauti zimepotea, akidi hakuna, kisha kimya. Seva zote mbili zilikuwa zimeandika hivyo karibu kwa sekunde ileile. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeliona mara nyingi: ofisi yenye mashine nne zenye saa nne tofauti haiwezi kuchunguza chochote. Wekeni mashine zote katika saa moja, na mwandikapo ripoti semeni wazi mnatumia saa ipi.

Bado swali lilibaki: kwa nini sauti zipotee saa hiyo? Jibu lilikuja kwa njia ya mkasa. Mhasibu, akiogopa kupoteza hesabu, aliagiza siku ya Ijumaa kwamba nakala ya akiba ya mashine zote ichukuliwe mchana huohuo, asingoje usiku wa Jumamosi. Ikaanza saa tisa alasiri. Kabla ya saa kumi, seva zote mbili zilikuwa zimejizima mbele ya macho ya makarani, foleni ya wakulima ikiwa imefika nje ya mlango.

Ubaya uligeuka ushahidi. Kumbe tatizo halikufuata usiku, wala Jumamosi, wala umeme. Lilifuata nakala ya akiba. Kijana akaulizwa swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza: ni kitu gani kilichobadilika kabla ya matatizo haya kuanza? Akakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo, diski ya zamani ya nakala, iliyokuwa ya polepole mno, iliondolewa na kuwekwa sanduku jipya lenye kasi, nalo likachomekwa kwenye swichi ileile. Waya wa gigabiti moja hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 hivi kwa sekunde. Diski ya zamani haikuwahi kukaribia kiasi hicho. Lile jipya liliweza kuujaza waya wote, na katika waya huohuo zilipita sauti za akidi, na data za hifadhi, na kazi za makarani. Ni kama barabara kuu ya Tunduma hapa Mlowo siku malori yamepangana: mtu wa pikipiki aliyebeba ujumbe wa maneno mawili naye hapiti. Ujumbe wa akidi ni mdogo sana, lakini haustahimili kuchelewa.

Tiba ilikuwa swichi ndogo ya pili na nyaya chache. Sauti za akidi zikapewa njia yake peke yake, hifadhi ikaachwa katika njia yake, na kasi ya kunakili ikawekewa kikomo. Seva zilizosemwa kuwa zimezeeka zikamaliza msimu bila kujizima tena. Betri zilizonunuliwa zilibaki kuwa na manufaa, sikatai, lakini hazikuwa dawa ya ugonjwa ule.

Mkasa wa Ijumaa, hata hivyo, uliacha jambo zito zaidi. Wakulima 12 waliopimiwa mzigo dakika za mwisho walikuwa na stakabadhi zilizochapwa mikononi, lakini kompyuta zilipowaka majina yao hayakuwemo. Yawezekanaje mashine itoe stakabadhi ya kitu isichokiandika? Iliwezekana kwa sababu mtu fulani, wakati wa kuunda mashine pepe ya manunuzi, alichagua mpangilio ulioifanya ionekane yenye kasi. Katika mpangilio huo, programu inapouliza, “Umekwisha kuandika katika diski?”, seva hujibu “Ndiyo” papo hapo, hali maandishi bado yamo katika kumbukumbu ya muda yakingoja nafasi. Fikirini karani anayempa mkulima stakabadhi kabla gunia halijafika mizanini. Siku zote mia atasifiwa kwa wepesi wake. Siku ya mia na moja ghala litaungua kati ya stakabadhi na mizani, na hapo ndipo itajulikana alikuwa akifanya nini. Kosa la kwanza lilizima seva. Kosa hili la pili ndilo lililopoteza kilo za watu. Kwa bahati vishina vya stakabadhi vilikuwa vimetunzwa, na kilo zote zikaingizwa upya mbele ya wenyewe. Kwa hiyo mwulizeni fundi wenu kwa maneno haya hasa: “Je, hifadhi yetu hujibu kabla au baada ya maandishi kufika katika diski?” Mpangilio wa namna hii huweza kuwekwa kwenye seva na pia kwenye sanduku la diski, basi aulizwe kuhusu pande zote mbili. Asipoelewa swali, tafuteni mwingine.

Yapo matatizo mengine yenye dalili zake, nami nitayapitia kwa haraka. Seva ikionyesha mzigo mkubwa sana ilhali prosesa imekaa bila kazi, yaelekea kazi zote zimesimama zikingoja hifadhi. Mfumo wa Linux huzihesabu kazi zinazongoja diski pamoja na zinazofanyika, hivyo idadi hupanda kama foleni ndefu mbele ya mizani ambayo karani wake ametoka. Kununua prosesa nyingine ni kuongeza mizani isiyo na karani. Mashine pepe ikikubali kusomwa lakini ikikataa kuandikwa, yaelekea hifadhi ilinyamaza kwa muda: kwa kawaida Linux huingoja diski ya namna ya SCSI sekunde 30 na Windows sekunde 60, na baada ya makosa kurudiwa Linux huweza kulifunga daftari lisiandikwe, ili lisiharibike. Kuilazimisha iandike kabla ya kujua kwa nini hifadhi ilinyamaza ni ujinga.

Hifadhi huweza pia kujaa bila mtu kujua. Sanduku la terabaiti 4 huruhusu kuahidi mashine pepe terabaiti 8, kwa kutumaini kwamba hazitazitumia zote kwa pamoja, na mashine zote husimama siku matumaini hayo yanapokwisha. Kuna na kasoro ya ukubwa wa pakiti, ambayo imewasumbua wengi: upande mmoja umewekwa baiti 9000 na upande wa pili, au swichi iliyo katikati, umebaki na 1500 za kawaida. Ujumbe mdogo wa kujaribu hupita vizuri na fundi huapa kwamba mtandao ni mzima, lakini mzigo mkubwa wa data hukwama. Dawa ni kujaribu kwa ujumbe wa baiti 8972 usioruhusiwa kukatwa vipande. Pamoja na baiti 28 za vichwa vyake hutimia 9000, na usipopita, kasoro imeonekana.

Siku tatizo linapotokea, mtumishi aliyepo afanye nini kabla fundi hajafika? Aandike saa. Atazame taa za swichi na za sanduku la diski, aandike zipi zinawaka na kwa rangi gani. Asizime kila kitu kwa pupa, kwa maana ushahidi mwingine uko katika kumbukumbu ya muda na hupotea mashine ikizimwa. Zaidi ya yote, asiilazimishe mashine pepe iwake katika seva ya pili mpaka awe na hakika, kwa macho yake, kwamba seva ya kwanza imezimwa kabisa. Nimekwisha kueleza habari ya makarani wawili na ukurasa mmoja. Ikibidi kuwasha kila kitu upya, swichi hutangulia, kisha hifadhi, na ikishatulia ndipo seva, na mwisho mashine pepe, ile ya manunuzi ikiwa ya kwanza.

Neno la mwisho ni juu ya nakala za akiba. Diski kadhaa zilizounganishwa ili moja ikifa nyingine zishike kazi si nakala ya akiba. Zitalinda dhidi ya diski mbovu, hazitalinda dhidi ya moto, mwizi, wala mtu aliyefuta kwa makosa. Hata wakubwa wameumia hapa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja hawakupata tena data zao. Tarehe 26 Septemba 2025 moto mwingine ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea ya Kusini. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa serikali yenye terabaiti 858 ilipotea kwa sababu haikuwa na nakala mahali pengine. Sisi hatuna terabaiti 858. Hesabu za msimu mzima za chama cha msingi hutosha katika diski ya kushika mkononi, basi hatuna hata udhuru wa ukubwa. Nakala moja ikae nje ya jengo la ofisi, imefungwa kwa nywila, kwa kuwa ina majina na fedha za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu nasi. Na kila baada ya miezi mitatu irejeshwe kwa majaribio katika mashine nyingine, kisha jumla ya kilo ilinganishwe na vishina.

Maswali ya kujadili katika vikundi: Katika chama chenu, ni nani anayejua seva na hifadhi zimeunganishwa vipi, na je, mchoro wake umeandikwa? Saa za mashine zenu zinalingana na saa ya ukutani? Sauti za akidi, hifadhi na nakala za akiba zinapita katika waya mmoja au zaidi? Ni lini mara ya mwisho mlirejesha nakala ya akiba, na jumla ya kilo ilikuwa ngapi? Majibu yaandikwe na kuletwa ofisini Mlowo pamoja na ripoti ya mwezi.